Yupi? Lipi? Kipi? Shajara ya hadithi za Jumamosi, Kirumba, Mwanza

Jumamosi, 1 Februari 2025

Leo tumeanza. Wamekuja watoto 14 wa darasa la tatu na la nne, wote wa mtaa huu wa juu, ambako nyumba zimejibana katikati ya mawe na njia zenyewe ni ngazi. Tunakaa kwenye kibaraza cha bibi mwenye nyumba wangu, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tano, kabla mawe hayajashika moto. Kutoka hapo unaona mabati ya soko la Mwaloni na ziwa nyuma yake, na upepo ukigeuka harufu ya dagaa inatupandia mpaka huku.

Sababu ya kuanza ni hii. Huu ni mwaka wangu wa tisa kufundisha Kiswahili shule ya msingi. Watoto wanaziimba ngeli kama wanavyoimba jedwali la kuzidisha: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI. Uliza jiwe liko ngeli gani, mikono yote juu. Wape insha, unasoma: "jiwe ile ikaanguka na kiatu yangu ikapotea." Na wengi wao nyumbani wanasikia Kisukuma, lugha yenye ngeli zake. Bibi akisema munhu na banhu, mjukuu anajua papo hapo kama aliyekuja ni mtu mmoja au ni watu. Ngeli yenyewe haiwashindi. Kinachowashinda ni namna tunavyowapa: tunaichomoa kwenye maneno kama mwiba wa sato, halafu tunamwekea mtoto mwiba kwenye sahani.

Nataka kujaribu kuirudisha kwenye hadithi, nione kitakachotokea. Nitaandika humu yanayokwenda na yanayokwama.

Majina halisi ya watoto siyaandiki. Kila mmoja amejichagulia jina la mnyama, na ndilo nitakalolitumia. Tunaye Kenge, Pimbi, Sato, Furu, Korongo, Kamongo, na wengine. Mmoja, mvulana mnene wa darasa la nne, amejiita Kiboko. Nilipotangaza "Kiboko amefika" wakamshangilia. Nikawauliza, je, nikisema "kiboko kimefika"? Kimya kidogo, kisha Pimbi akajishika makalio na kibaraza kizima kikalipuka kwa kicheko. Silabi moja imemgeuza mnyama kuwa fimbo, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeharibu. Furu alisimama kusimulia sungura na fisi kisimani. Kila alipokosea upatanisho nilimkatiza, nikamwonyesha ngeli kwenye karatasi ya manila niliyoibandika ukutani, akarudia, akaendelea. Mara ya tatu alisahau fisi alikuwa amefikia wapi. Mara ya tano alisema "imeisha" akakaa. Haikuwa imeisha. Fisi alikuwa bado yumo kisimani.

Jioni nimeibandua manila. Kanuni kuanzia sasa: hadithi haikatizwi.

Jumamosi, 15 Februari

Sikukatiza. Hadithi sita zimesimuliwa, zingine nzuri sana, na makosa ni yale yale. Zaidi ya hapo, mbili kati ya hizo hakuna aliyezielewa: wavuvi wawili, mamba mmoja na mke wa mtu, wote wamo, na hujui nani alimpiga nani. Watoto walisikiliza kwa adabu. Hiyo adabu ndiyo iliyonisumbua njia nzima. Msikilizaji aliyepotea akinyamaza, msimulizi atajuaje kwamba amempoteza?

Jumamosi, 22 Februari

Nimemwomba bibi asimulie yeye. Ana miaka sabini na kitu, amezaliwa upande wa Magu, na Kiswahili chake kina vionjo vya Kisukuma hapa na pale. Aliketi kwenye kigoda, akafunga kitenge vizuri, akaita: "Hadithi, hadithi!" Watoto wakamjibu: "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea!"

Akawapa ya Masala Kulangwa na Shing'weng'we. Karibu kila nyumba ya Kisukuma inaijua: zimwi limemeza watu wote na mifugo yote, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto akakua, akauliza, mama, watu wengine wako wapi? Alipoambiwa, akatoka kwenda kulitafuta zimwi.

Mimi nilikaa pembeni na daftari, simsikilizi bibi kama mjukuu bali kama mwalimu, na nikaona kitu ambacho sijawahi kukifundisha darasani hata siku moja. Mtu akiingia kwenye hadithi mara ya kwanza, bibi anasema "mama mmoja", "zimwi moja kubwa". Akishamtaja, hageuki nyuma: "yule mama", "lile zimwi". Kile kiashiria kinatangulia nomino na kinamwambia msikilizaji, huyu unamjua tayari. Hakuruka hata mara moja. Watoto wetu wanaanza moja kwa moja na "yule mvuvi", wakati hakuna mvuvi tuliyewahi kuonana naye.

Baadaye bibi aliniuliza ninachoandika. Nikamwambia ngeli. "Ngeli ndiyo nini?" Nikamweleza, na nikamwambia tulivyofundishwa chuoni, kwamba neno lenyewe limetoka kwenye Kihaya, ng'ambo ya ziwa huko Kagera, na maana yake ni aina. Akatikisa kichwa: "Kumbe mmeazima kwa majirani." Kisha akaniuliza, kama ni aina tu, kwa nini watoto wanalia nayo.

Jumamosi, 1 Machi

Watoto wanne tu. Ni giza la mwezi. Usiku wa giza ndio wa dagaa, kwa sababu taa ikiwashwa juu ya maji dagaa wanaifuata; mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi na mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo wiki za giza mzigo ni mwingi na watoto wako mwaloni wanasaidia kuanika. Nilipaswa kulijua hili kabla ya kupanga ratiba. Nimechora mwezi kwenye kalenda yangu: mambo mapya nitayaleta mbalamwezi, wiki za giza tutarudia.

Jumamosi, 8 Machi

Leo limetokea jambo, na halikutoka kwangu.

Korongo alikuwa anasimulia wezi wa nyavu. Akaanza: "Yule mvuvi akamwambia mwenzake, leta ile." Kenge, ambaye havumilii kitu asichokielewa, akapaza sauti: "Yupi?" Nikataka kumnyamazisha kwa sababu ya kanuni yangu, nikajizuia. Korongo akasimama, akafikiri, akasema: "Palikuwa na mvuvi mmoja, mrefu." Akaendelea. "Akamwambia mwenzake, leta ile." Kenge tena: "Ipi?" Korongo: "Wavu." Pimbi akadakia: "Wavu upi?" Na Korongo, bila mtu kumwambia ngeli ya wavu, akajibu: "Ule uliochanika."

Ule. Uliochanika. Wiki tatu zilizopita huyu huyu aliniandikia "wavu ile".

Nimelifikiria njia nzima nikienda sokoni. Swali la -pi lina ngeli ndani yake. Anayeuliza lazima achague: yupi, upi, lipi, kipi, ipi. Anayejibu anapokea ile ngeli kutoka kwenye swali na kuiendeleza. Wanafanya mazoezi wawili kwa mpigo na hakuna anayejua kwamba ni mazoezi. Na halimkatizi msimulizi vibaya, kwa sababu linaulizwa na mtu anayetaka hadithi iendelee.

Kanuni mpya: hadithi haikatizwi, isipokuwa kwa swali la -pi, na aulize yule tu aliyepotea kweli.

Jumamosi, 22 Machi

Wiki iliyopita tulifanya mazoezi ya kawaida, sina la kuandika. Leo tumerudi kwa Masala, na nataka niandike kwa kirefu.

Katika hadithi ya bibi, Masala anaua panzi, anampelekea mama yake na kuuliza kama huyo ndiye Shing'weng'we. Mama anamwambia siye. Anaua ndege. Siye. Anaua swala. Siye. Watoto wanaipenda sehemu hii kwa sababu inajirudia na wanajua jibu kabla halijatoka. Nikaona humo mna somo zima la ndiye na siye, ambalo kitabuni ni nusu ukurasa wa jedwali.

Tukaigiza. Sato akawa mama, akaketi kwenye kigoda cha bibi. Masala wakawa wengine wote kwa zamu. Mwanzo tulishika wanyama tuliowafinyanga kwa udongo:

"Mama, huyu ndiye?"
"Hapana mwanangu, huyo siye."

Ona kilichomo. Masala kamshika mkononi, anasema huyu. Mama yuko mbali kidogo, kitu kiko kwa mwenzake, anasema huyo. Furu alipokuwa mama akajibu "huyu siye", na Kenge aliyekuwa Masala akamwambia, "Huyu ninaye mimi, wewe huna." Nimefundisha viashiria vya karibu na mbali kwa miaka, nikichora mishale ubaoni, na sijawahi kusikia maelezo mafupi kuliko hayo.

Kisha nikabadilisha hadithi. Nikawaambia, Masala wa leo hajui hata zimwi ni kitu cha namna gani. Analeta chochote anachokikuta. Wakatawanyika uani wakarudi na mizigo.

"Mama, hiki ndicho?" Kijiko. "Hicho sicho."
"Mama, hili ndilo?" Jiwe, na lilikuwa kubwa, Kiboko alilibeba kwa mikono miwili. "Hilo silo."
"Mama, huu ndio?" Mfuko wa plastiki. "Huo sio."
"Mama, hizi ndizo?" Ndala za bibi. "Hizo sizo! Rudisha!"

Pimbi akaja mikono mitupu, akasimama kwenye kona ya kibaraza akauliza: "Mama, hapa ndipo?" Sato akababaika kidogo, kisha: "Hapo sipo." Ngeli ya mahali, ambayo darasa la nne wengi wao hawaigusi, imekuja yenyewe kwa miguu.

Hatukufika kwenye zimwi. Saa tano ilitukuta bado tunabeba vitu.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua na giza la mwezi pamoja. Watatu. Mabati yalivyopiga kelele hata hatukusikilizana. Tumechora.

Jumamosi, 12 Aprili

Mbalamwezi, wamekuja wote na wawili wapya.

Kiboko amesimulia mwisho wa Shing'weng'we: "Masala akashika kisu. Tumbo likapasuka. Watu wakatoka." Akataka kuendelea. Korongo akauliza, siyo kwa -pi safari hii: "Lenyewe?"

"Lenyewe nini?"

"Tumbo. Limepasuka lenyewe? Masala alikuwa anafanya nini?"

Kiboko akakasirika, akasema kila mtu anajua ni Masala. Lakini wenzake hawakumwachia. Kama tumbo lilipasuka, basi zimwi lilikula likashiba likapasuka, na Masala ni mpita njia mwenye kisu. Tukakaa juu ya neno hilo karibu nusu saa. Masala akalipasua tumbo. Tumbo likapasuliwa na Masala. Tumbo likapasuka. Matumbo matatu, na katika la tatu shujaa hayumo. Kisha tukarudi nyuma: watu walimeza au walimezwa? Mlango ulifunguka au ulifunguliwa? Sahani ya bibi iliyovunjika wiki mbili zilizopita, ilivunjika au ilivunjwa? Hapo Furu alitazama chini, na sote tukajua.

Mnyambuliko nimekuwa nikiufundisha kwa safu: pasua, pasuka, pasulia, pasuliwa. Safu ile haimwambii mtoto kwamba kila silabi inayobadilika kuna mtu ameingia au ametolewa kwenye tukio. Hadithi inamwambia, kwa sababu watu wa hadithi anawajali.

Bibi alikuwa amejiegemeza mlangoni. Akaongeza kipande ambacho hakukisimulia mara ya kwanza: Masala alipokuwa anapasua, kisu kilimkata sikio bikizee mmoja aliyekuwa ndani, naye akatoka akiwa na hasira badala ya shukrani. Watoto wakataka kujua, je, "alimkata" au "alikatika"? Bibi akasema, "Alikatwa. Na Masala alimtafutia dawa."

Jumamosi, 3 Mei

Wazazi wawili wamepanda kuja kuniona. Baba mmoja, mvuvi, alisema kwa upole lakini bila kuzunguka: "Mwalimu, mwanangu anarudi na hadithi tu. Mwisho wa mwaka kuna upimaji wa darasa la nne. Hadithi zitaandika nini pale?"

Ni swali la haki na sikutaka kumpa jibu la maneno. Nikamwomba akae. Nikawapa watoto wa darasa la nne zoezi la kujaza viambishi, la aina ile ile ya shuleni, na tukatazama pamoja. Kenge alifika kwenye "Jiwe ___mevunjika", midomo ikachezacheza, nikamsikia ananong'ona, "jiwe lipi… li." Akaandika li. "Mito ___mefurika." "Mito ipi… i." Akaandika i.

Hatukuwa tumemfundisha hivyo. Amejitengenezea mwenyewe: uliza -pi kimoyomoyo, kinachotangulia ndicho kiambishi. Swali hilo lina mahali linapokwama, na tulipaona palepale, kwa sababu yupi inatoa a, siyo yu. Sato akaandika "mtoto yumelala". Na mtoto ambaye masikio yake bado yanasema "jiwe ipi" ataandika "jiwe imevunjika" kwa ujasiri mkubwa. Watoto wanne kati ya tisa waliofanya zoezi bado wako hapo. Nilimwambia baba ukweli huo. Akasema atamwacha mwanawe aendelee, lakini niwape na zoezi la maandishi kila wiki. Nimekubali, na ana haki.

Jumamosi, 10 Mei

Tumeanza kuandika. Kila mtoto anamsimulia mwenzake hadithi, kisha anaiandika, kisha mwenzake anaisoma na kuweka alama ya -pi pembeni pale alipopotea. Mimi peni yangu nyekundu nimeiacha nyumbani.

Jambo lililojitokeza kwa wingi ni -ga. "Sungura alikuwaga mjanja." "Mvuvi anaendaga usiku." Kanda hii yote tunasema hivyo, na mimi mwenyewe niliyekulia Sengerema nasema hivyo nikiwa na dada zangu. Ni mkia tulioupata kwenye lugha zetu za nyumbani, Kisukuma kikiwemo, na una kazi yake: unaonyesha jambo la mazoea. Kuna walimu wanaowachapa watoto kwa ajili ya -ga. Naona hilo ni baya mara mbili, kwa fimbo na kwa sababu mtoto anaambiwa kwamba mdomo wa mama yake ni mchafu.

Nilichofanya ni kuwauliza, Kiswahili cha kitabuni kinalisemaje jambo la mazoea? Wakakumbuka huwa. Nikawaongezea hu-: mvuvi huenda usiku, sungura huiba, sisi huanika dagaa. Pimbi akashangaa kwamba hu- haitaki nafsi, haijali ngeli wala nyakati: mimi huenda, wewe huenda, jiwe huanguka. "Hii haina kazi nyingi," akasema, na akaipenda papo hapo. Kwa hiyo tumekubaliana: kwenye kibaraza, ukisimulia, -ga ruhusa. Kwenye daftari, hu-.

Jumamosi, 24 Mei

Giza tena. Sita tu, na labda ndiyo sababu ilikuwa Jumamosi niliyoipenda kuliko zote.

Kamongo ni msichana wa darasa la tatu, anaongea taratibu, anatazama chini. Alitunga hadithi yake mwenyewe ya zimwi la ziwani. Nimeiandika jinsi alivyoisema, neno kwa neno kadiri nilivyoweza:

"Palikuwa na zimwi moja. Lile zimwi lilikaa chini ya maji. Lilikula mitumbwi. Likala nyavu, likala karabai, likala na wavuvi. Likashiba. Siku moja likasikia mtoto analia juu. Likapanda. Likamwona mtoto amekaa juu ya jiwe. Likamuuliza, unalia nini? Mtoto akasema, namlilia baba, alienda ziwani hajarudi. Zimwi likanyamaza. Likakumbuka. Yule zimwi akaanza kulia."

Nilisitisha kalamu. *Yule zimwi akaanza kulia.* Tangu hapo mpaka mwisho hakurudi kwenye li hata mara moja: akamwambia mtoto ngoja, akazama, akawatapika wavuvi, akamrudishia baba yake.

Kama ningekuwa na peni nyekundu yangu ya zamani ningezungushia. Ningeandika: chagua moja, LI au A. Na vitabu vinaliruhusu jambo hili. Kiumbe hai huchukua A-WA, lakini ukitaka kumkuza au kumdharau unamvalisha LI, ndiyo maana tunasema jitu lile limekuja. Nilimuuliza tu, kwa sauti ya kawaida, kwa nini alibadilisha.

Akafikiri muda mrefu. "Kwa sababu alikuwa analia, madam."

Wenzake hawakuona ajabu yoyote. Furu alisema ni kweli, kitu kinacholia hakiwi li.

Sina la kuongeza hapo. Nimempa daftari jipya.

Jumamosi, 28 Juni

Likizo, na hadithi zote ni za daraja. Tarehe 19 mwezi huu Rais Samia amelizindua Daraja la J.P. Magufuli, la Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya maji, na nusu ya watoto wana ndugu upande wa Sengerema au Geita. Nami vilevile. Nimevuka na kivuko tangu nikiwa mgongoni kwa mama, tukisubiri foleni na mahindi ya kuchoma mkononi.

Nikawaomba wamsimulie mtoto ambaye hajazaliwa jinsi watu walivyokuwa wakivuka. "Kivuko kilikuwa kinatuvusha, sasa daraja linatuvusha." "Tulikuwa tukisubiri." Ile -ki- na -kuwa nimezisubiri tangu Februari, na zimekuja kwa sababu kuna jambo la jana ambalo leo halipo tena. Kiboko alisema "daraja inatuvusha", akajibiwa na watu watano kwa pamoja: "Lipi?"

Mabishano ya leo yalikuwa juu ya dagaa. Sato ametoka kuanika, mikono bado ina magamba, akasimulia "dagaa zimekauka". Korongo akasema ni wamekauka, kwa sababu ni viumbe. Sato akasema viumbe wa wapi, wameshakufa, na mama yake anayeziuza kila siku anasema dagaa zimepanda bei. Korongo: na samaki mbichi sokoni naye amekufa, mbona husemi samaki imekufa? Sato hakukubali. Niliwaambia linavyokaa: kitabu kinasema wamekauka, soko linasema zimekauka, na kwenye daftari tufuate kitabu. Sato aliandika wamekauka, lakini nilimwona uso. Nadhani kwake dagaa anayeongea kwenye hadithi ni mtu, na dagaa za mama yake ni mzigo. Nitalirudia hili nao, halijaisha.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba, na pia Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe ambayo UNESCO iliipitisha mwaka 2021. Hatukufanya sherehe. Tuliwaalika tu wazazi kibarazani saa kumi jioni. Mwezi unakaribia kujaa, wavuvi wako majumbani, kwa hiyo hata akina baba walikuja, wamejaa mpaka kwenye mawe ya juu.

Watoto watano walisimulia. Wasikilizaji wageni waliambiwa kanuni ya -pi, na walichelewa kidogo kuizoea, halafu wakawa wabaya kuliko watoto. Furu aliulizwa "kipi?" mara tatu katika dakika moja na akajibu zote.

Kamongo alisimulia ya zimwi la ziwani. Watu walinyamaza, na zimwi lilipoanza kulia nikasikia mama mmoja akivuta pumzi. Lakini bibi hakuridhika. Mgeni wa mwisho alipoondoka alimwita Kamongo, akamkalisha karibu na kigoda chake.

"Mjukuu wangu, hadithi yako ni nzuri. Lakini zimwi halisamehewi. Limekula watu. Ukimwita yule, umeshamsamehe kabla hajarudisha hata mtu mmoja."

Kamongo akatazama chini kama kawaida yake. "Amewarudisha, bibi."

"Baada ya kumwita yule."

"Ndiyo. Kama nisingemwita yule, asingewarudisha."

Bibi alimtazama muda mrefu kisha akasema kwake yeye itabaki li, mpaka anazikwa. Kamongo akasema sawa, bibi.

Tunatengeneza kitabu cha mkono cha hadithi za kibaraza, karatasi za kutosha ninazo kwa nakala tatu. Tumekubaliana ya bibi itangulie, ya Kamongo ifuate, na mtu asirekebishe zimwi la mwenzake. Jumamosi tunaanza kunakili. Na ile sentensi ya "nisingemwita… asingewarudisha" nimeiandika juu ya daftari langu, kwa sababu hiyo -nge- bado sijaifundisha.